Nyimbo 90 kwenye diski moja: zihifadhiwe wapi?

Swali: "Mwalimu, salaam. Nina studio ndogo hapa Busia, upande wa Uganda. Natengeneza muziki kwa programu ya FL Studio kwenye laptopu, na kazi zangu zote za miaka mitatu, nyimbo kama 90, ziko kwenye diski moja ya nje. Wiki mbili zilizopita ilianguka kutoka mezani. Ilikubali kuwaka tena, lakini usiku ule sikulala. Mwimbaji wangu yuko Nairobi, anayenifanyia miksi yuko Kampala, na tunatumiana faili kwa WhatsApp na kwa Google Drive ya bure ambayo sasa imejaa. Nilipie huduma ipi: Google, Dropbox, MEGA au nyingine? Na bando nitaiweza vipi?"

Jibu:

Dada yangu, kabla ya Google na Dropbox kuna diski. Nunua nyingine leo, hapo hapo Busia, unakili kila kitu kutoka kwenye ile iliyoanguka, na usiitumie tena kurekodia. Diski ya sahani inayozunguka ikianguka, kichwa chake cha kusomea kinaweza kuwa kimekwaruza sahani. Itawaka, itakuonyesha folda zote, kisha siku moja itaanza kugonga ndani tak, tak, tak, na kuirudisha kutoka hapo ni kazi ya maabara, tena ghali kuliko laptopu yako. Yote nitakayosema chini yanachukulia kwamba hilo umeshalifanya.

Umeuliza huduma moja, lakini umeipa kazi mbili. Kuna kutumiana faili na kuna kuhifadhi faili, na vitu hivi viwili vinavutana. Katika kutumiana unataka wepesi: mwenzako akibadilisha kitu Nairobi, wewe ukione Busia dakika ileile. Katika kuhifadhi unataka kinyume chake, kitu kikae palepale kilivyo hata kama mmoja wenu amekosea. Google Drive, Dropbox na OneDrive zimejengwa kwa ile kazi ya kwanza. Ukifuta folda kwenye laptopu, na kule kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni mtandaoni, inafutika. Kirusi kilichokuja na plagini (programu ndogo ya kuongeza ala au athari) ya kuibwa kikiharibu faili zako, huduma itazipakia hizo zilizoharibika kwa uaminifu wote. Ndiyo, kuna pipa la taka: Google Drive hukaa na ulichofuta kwa siku 30, na Dropbox ya bure nayo hukuruhusu kurudi nyuma siku 30. Lakini wewe ni produsa. Unajua vizuri kwamba wimbo unaweza kulala miezi minne bila kuguswa, na siku mteja anapoukumbuka ndiyo siku unagundua haupo.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Miaka ya nyuma, katika studio niliyokuwa nikifanya kazi Kampala, wezi waliingia usiku wakachukua kompyuta pamoja na diski ya akiba, kwa sababu diski ile ilikuwa juu ya kompyuta hiyo hiyo. Ndani yake kulikuwa na sauti ya bibi mmoja aliyetuimbia nyimbo za harusi za kwao, mchana mmoja tu, bila malipo. Tulipojiandaa kumrudia alikuwa ameshafariki. Mpaka leo nikiona diski ya akiba imewekwa pembeni ya kompyuta, huwa naiondoa kwa mkono wangu, hata kama ni ofisi ya mtu mwingine.

Wapiga picha wana kanuni ambayo sisi wa sauti tumeiazima, na aliyeieneza ni Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Kwako wewe maana yake ni laptopu, diski mpya, na wingu. Wingu ndilo linalokaa mbali na nyumba. Halichukui nafasi ya diski, na wanaoniambia wameuza diski zao kwa sababu "kila kitu kiko mtandaoni" wananitia hofu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti Uganda ilizimwa jioni ya tarehe 13 na ikarudi tarehe 18. Siku tano. Aliyekuwa na diski alifanya kazi. Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wateja ambao hawakuwa na nakala kwingine walipoteza walichokuwa nacho. Na lililonigusa zaidi kama mtu wa muziki ni la Myspace: mwaka 2019 walikiri kwamba muziki uliopakiwa kwao tangu 2003 hadi 2015 ulipotea walipokuwa wakihamisha seva. Nyimbo zinazokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Wasanii wengi walikuwa hawana nakala nyingine.

Tuje kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokuchagulia huduma. Traki moja, yaani rekodi ya sauti au ala moja, ikiwa mono (ya chaneli moja) kwa ubora wa kHz 48 na biti 24, hula MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama MB 35 kwa kila traki. Wimbo wenye traki 40 unafika GB 1.4, na nyimbo zako 90 ni kama GB 126. Hapo nimechukulia mono tupu. FL Studio mara nyingi hutoa stemu (kila traki kama faili yake ya sauti) za stereo, kushoto na kulia, hata kwa sauti ya mtu mmoja, kwa hiyo WAV zako, yaani faili za sauti zisizobanwa, zinaweza kuwa karibu maradufu ya hapo.

Dawa yake ni aina ya faili ya sauti iitwayo FLAC. FLAC hupunguza ukubwa bila kutupa hata chembe ya sauti. Ukiirudisha kuwa WAV unapata namba zilezile. Kwa kawaida hupunguza theluthi hadi nusu, na kwenye stemu ya stereo ambayo kushoto na kulia ni sawasawa, hugundua hilo na kuhifadhi karibu upande mmoja tu. Vipande vya kimya kati ya mistari ya mwimbaji havichukui karibu chochote. Kuweka WAV ndani ya zipu hakufanyi hivyo: zipu haikutengenezwa kwa sauti, hupunguza kidogo tu. Angalizo moja. FLAC hubeba namba kamili, zisizo na desimali, wakati FL Studio inaweza kuwa imewekwa kutoa WAV ya biti 32 zenye nukta inayoelea. Unapotoa stemu chagua biti 24, na hakikisha hakuna traki inayovuka 0 dB, kiwango cha juu kabisa cha sauti, maana kwenye biti 24 kilichovuka kimekatwa milele.

Kwa FLAC, zile GB 126 zinashuka kwenye GB 80 na kidogo. Kwa hiyo huhitaji mpango wa TB 2 ambao kila tangazo linakusukumia. Anza na GB 100 za Google. Zitabana, na pengine baada ya mwaka utapanda hadi GB 200, lakini usilipie hewa.

Kwa nini Google na si Dropbox, ambayo mabingwa wengi huisifu? Sababu yangu ni moja na watu huipita bila kuiona. Kwenye Dropbox, folda mnayoshirikiana hula nafasi ya kila aliyealikwa. Mwimbaji wako ana Dropbox ya bure ya GB 2. Wimbo mmoja wa WAV umejaza sehemu kubwa, wa pili hauingii. Kwenye Google Drive faili huhesabiwa kwa mwenye nayo peke yake, kwa hiyo wewe ukilipa, wenzako wawili hawalipi kitu. Sifa kubwa ya Dropbox ni kwamba hukata faili vipande vya MB 4 na kupakia vile vilivyobadilika tu, na hiyo ni sifa ya kweli kwa watu wenye faili kubwa zinazobadilika kila siku. Lakini rekodi ya WAV ikishaimbwa haibadiliki. Kinachobadilika kila unapohifadhi ni faili ya projekti, ambayo ni ndogo. Usilipie ubora ambao kazi yako haiutumii.

Upande wa pili wa sheria ya Google unaweza kukuumiza, usipoujua. Faili ni ya aliyeipakia. Mwimbaji akiweka vokali ndani ya folda yako, bado ni zake: zinakula nafasi yake, na akizifuta, au akaunti yake ikifutwa, zinaondoka. Kila akikutumia kitu, kipakue, kiingize kwenye projekti, nakala iwe yako. Usiache vokali za mwezi mzima zikae pale kwa jina lake.

MEGA ni nzuri kwa jambo moja. Inatoa GB 20 bure, na faili zinafungwa kwa msimbo kwenye kifaa chako kabla hazijaondoka, hata wao hawawezi kuzisikiliza. Kama una wimbo wa mteja ambao hautakiwi kuvuja, weka huko. Lakini ukisahau nenosiri na ukapoteza ufunguo wa uokoaji waliokupa, hakuna wa kukufungulia. Uandike kwenye karatasi.

Backblaze nimeulizwa mara nyingi. Ni huduma ya kuhifadhi hasa, si ya kutumiana: unalipa kwa kompyuta moja, nayo hunakili kila kilichomo bila kikomo, polepole, nyuma ya pazia. Ningekuwa na laini ya nyuzi isiyopimwa ningekuambia uichukue kesho. Kwa laini ya simu ninasita. GB 126 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 2 ni karibu siku sita mchana na usiku, bila kukatika umeme hata mara moja. Busia.

Na huduma zilizotengenezwa maalumu kwa maprodusa? Splice ilikuwa na huduma nzuri ya kuhifadhi projekti na kufanya kazi pamoja, na watu waliipenda. Mwaka 2023 waliifunga. Tangu hapo nashauri vijana wachague kampuni ambayo kuhifadhi faili ndiyo biashara yake kuu, au angalau ambayo mamilioni ya ofisi zinaitegemea kwa hilo.

Sasa bando, ambayo najua ndiyo iliyokufanya uandike. Upakiaji wa kwanza usiufanye kwa simu. Weka FLAC zote kwenye diski, panda gari hadi Kampala siku unayokwenda kwa ndugu yako wa miksi, na umwombe uiache diski kwake ikipakia usiku kucha kama ana intaneti isiyopimwa. Ukitoka hapo, wimbo mpya mmoja kwa wiki ni kitu bando yako inaweza kubeba. GB 1.4 kwa Mbps 5 ni kama dakika 37. Ukiwa na FLAC ni chini ya nusu saa.

Katikati ya kazi msitumiane stemu kila mara. Mkijadiliana kama kiitikio kirudiwe, MP3 ya kbps 320 yatosha, wimbo wa dakika nne hauzidi MB 10. Stemu ziende mara moja, wimbo ukishakubaliwa. WhatsApp inafaa, ila itume kama hati, si kama sauti, ili faili ifike kama ilivyo. Hati inaweza kufika GB 2. Vokali zilizorekodiwa kwa kitufe cha maikrofoni cha WhatsApp zimeshabanwa na kupoteza sauti kabla hazijafika kwako, na hakuna kichujio cha kuzirudisha. Nimeletewa vokali za namna hiyo mara nyingi, na msanii anasubiri zing'ae. Mwambie mwimbaji wako wazi.

WeTransfer na nyingine za kiungo cha muda ni za kukabidhi tu. Kiungo cha bure hufa baada ya siku chache. Ukiona mtu anasema "kazi zangu ziko WeTransfer", kazi zake haziko popote.

Kama una kompyuta mbili ndani ya nyumba moja, tafuta programu ya Syncthing. Ni ya bure, hupeleka faili moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa Wi-Fi yako mwenyewe, na haigusi bando.

Kuna mtego kwenye programu ya Google Drive ya kompyuta ambao umewalaza watu wengi studio wakitukana FL Studio bure. Programu hiyo ina namna mbili: moja inaweka faili kweli kwenye laptopu, nyingine inakuonyesha jina la faili tu na kuileta ukiifungua. Ukiwa kwenye hiyo ya pili na mtandao ukayumba, FL Studio itakuambia sampo (kipande cha sauti ulichotumia kwenye wimbo) haipatikani, na utadhani imefutika. Chagua ya kuakisi, ile ambayo faili zinakaa kwenye diski. Bora zaidi, usifanyie kazi ndani ya folda ya Drive kabisa. Rekodi kwenye folda ya kawaida, maliza siku yako, kisha nakili. Programu ya kusawazisha inayosoma faili wakati ileile unarekodi inaweza kukuletea mikwaruzo kwenye vokali nzuri kuliko zote.

Nimeacha la moyoni mwangu mwishoni, kwa sababu bila hili huduma yoyote utakayolipia ni bure. Ni nini hasa unahifadhi? Watu hupakia faili ya flp, ile ya projekti ya FL Studio, peke yake, KB mia kadhaa, wakalala kwa amani. Faili hiyo ni maelekezo tu: piga kiki (ngoma ya besi) hii, weka plagini ile. Kiki yenyewe iko folda nyingine. Kwenye FL Studio tumia "Zipped loop package" chini ya menyu ya kuhamisha, inakusanya sampo zote pamoja na projekti. Anayetumia Ableton Live ana "Collect All and Save". Lakini hata zipu hiyo haibebi plagini. Ukibadilisha laptopu baada ya miaka mitano, ile sinthi huenda haipo sokoni, au toleo lake jipya halikubali projekti ya zamani. Ndiyo maana nakusihi utoe stemu za kila wimbo uliokamilika, zote zianzie sekunde ya kwanza ya wimbo hata kama saksafoni inaingia dakika ya tatu, ili mtu yeyote kwa programu yoyote aziangushe zikae mahali pake. Kwa traki zenye athari unazozipenda, kama mwangwi, toa mbili, yenye athari na kavu isiyo nazo. Jina la folda liseme wimbo, kasi, ufunguo na tarehe. Ndani tia maandishi mafupi: nani aliimba, nani alipiga gitaa, mlikubaliana mgawo gani. Siku ya kusajili haki, au siku ya ugomvi, karatasi hiyo ndogo itakutetea.

Stemu za FLAC, zipu ya projekti, MP3 ya kusikiliza, na hayo maandishi. Folda hiyo moja ikikamilika, ipakie kwenye Drive mahali ambapo hujamshirikisha mtu yeyote, hapo ndipo ghala lako. Folda ya kufanyia kazi na wenzako iwe nyingine, na uialike kwa anwani zao za barua pepe, si kwa kiungo ambacho yeyote akikipata anafungua. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha chapisha zile namba 10 za akiba ambazo Google hukupa, kwa sababu laini ya simu hupotea. Na kama utalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotokana na pesa za simu, weka alama kwenye kalenda uijaze siku mbili kabla ya tarehe. Malipo yakikatika na umeshapita GB 15 za bure, hutaweza kupakia, na hata barua pepe hazitaingia. Ukikaa hivyo miaka miwili Google inaweza kufuta vilivyomo.

Ukishapakia nyimbo tano za kwanza, simama. Mpigie ndugu wa Kampala, ambaye hana plagini zako wala sampo zako, umpe ruhusa ya folda moja, apakue, azirudishe kuwa WAV kwa Audacity kama programu yake haisomi FLAC, aziweke kwenye traki zake na abonyeze kucheza huku wewe unasikiliza kwenye simu. Penye kiki pakiwa kimya, umesahau kutoa stemu ya kiki. Rudi kwenye projekti wakati bado inafunguka.